Upimwe wapi ukiwa bado mzima? Kituo cha serikali, hospitali ya misheni, kliniki binafsi na kambi ya afya nchini Uganda

Mtu aliyeshikwa na homa haulizi sana, huenda panapofikika. Anayejiona mzima ndiye hupata taabu ya kuchagua. Ametimiza miaka 40, jirani yake kapatwa na kiharusi, au kasikia gari la matangazo likisema Jumamosi kuna upimaji wa bure sokoni. Sasa anajiuliza: apange foleni kituo cha serikali, alipe kiasi hospitali ya misheni, anunue kifurushi kliniki binafsi, au asubiri kambi? Njia zote nne zipo Uganda na zote zina mahali zinapokwama. Hapa tunazipima kwa mizani moja.

Kabla ya kuchagua mahali, jua unapimwa nini

Vipimo vyenye faida kwa mtu asiye na dalili ni vichache kuliko vinavyotangazwa.

Presha ndiyo ya kwanza, kwa kila mtu mzima, walau mara moja kwa mwaka. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Inayofikia 140/90 katika siku mbili tofauti inahitaji daktari au ofisa tabibu.

Sukari hupimwa kuanzia miaka 40, au mapema zaidi kwa mwenye uzito mkubwa, aliye na mzazi mwenye kisukari, au mama aliyepata sukari akiwa mjamzito. Ukiwa umefunga kula kwa muda wa saa 8, kipimo cha 7.0 mmol/L kwenda juu, kikirudiwa na kutoa jibu lilelile, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Mashine inayoonyesha mg/dl haijakosea, gawanya namba yake kwa 18.

VVU hupimwa kulingana na maisha unayoishi, ukikumbuka kwamba jibu safi haliwezi kukuhakikishia yaliyotokea ndani ya miezi mitatu iliyopita. Homa ya ini B hupimwa mara moja. Ukiwa huna, unachanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto wachanga wa Uganda 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 huongeza uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Wanaume kuanzia 50 wazungumze na daktari kuhusu tezi dume kabla ya kutoa damu ya PSA (kipimo cha kutafuta dalili za saratani ya tezi dume), maana kipimo hicho hupanda hata kwa maambukizi ya mkojo au tendo la ndoa la jana yake.

Yaliyobaki hutegemea mtu. Anayeishi na kufanya kazi ziwani, Victoria au Albert, aulizie kichocho. Wanaotaka kuoana wapime selimundu (sickle cell), mara moja maishani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku au aliyekonda bila sababu hayumo tena katika uchunguzi wa kawaida: apimwe kifua kikuu wiki hiyohiyo.

Mizani yenyewe

Kila mahali tunaangalia mambo matano: vipimo vinavyopatikana kweli, gharama yote pamoja na nauli na kibarua kilichopotea, muda, kinachofuata baada ya majibu, na kumbukumbu zako pamoja na siri yako.

La nne lina uzito kuliko mengine. Presha ya 160/100 iliyopimwa bure halafu ikaachwa haijamsaidia mtu, na iliyopimwa kwa malaki pia. Swali la kuuliza mapokezini, kabla hata ya bei, ni hili: kipimo kikitoka kibaya, ni nani atakayeniona mara ya pili, siku gani, na dawa zipo?

Kituo cha afya cha serikali

*Vipimo.* Angalia bango: HC ni kifupi cha Health Centre, na namba ni ngazi ya kituo. HC II, cha parokia ya utawala, kina nesi na mkunga, na kwa kawaida hakina maabara. Kinafaa kwa chanjo, ushauri na presha mashine ikiwepo. HC III, cha kata ndogo, huongozwa na ofisa tabibu na kina maabara: VVU, homa ya ini B, sukari ya kidole, mkojo, makohozi. HC IV ina daktari na chumba cha upasuaji. Uchunguzi wa mlango wa kizazi hupatikana katika vituo vingi vya ngazi ya tatu na ya nne, lakini mara nyingi kwa siku maalumu, siku ambayo mkunga aliyefundishwa yupo. Mafuta ya damu na vipimo kamili vya figo mara nyingi hutakiwa kufuatwa hospitali.

*Gharama.* Ada za wagonjwa zilifutwa 2001 katika vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini. Kinachokugharimu ni nauli, daftari la shule la kuandikiwa, na mara nyingine kipimo unachotumwa kukifanya nje kwa sababu vitendanishi (kemikali za maabara) vimekwisha. Weka akiba kidogo kwa ajili hiyo.

*Muda.* Asubuhi nzima, na Jumatatu ni mbaya zaidi. Wagonjwa wa malaria na watoto hutangulia, na ni haki yao. Mtu mzima asiyeumwa akifika saa tano na kusema "nataka tu kupimwa" anaweza kuambiwa arudi kesho. Fika mapema katikati ya wiki na utaje kipimo kwa jina: presha, sukari, homa ya ini. Neno "chekapu" peke yake halimwambii nesi aanzie wapi.

*Baada ya majibu.* Hapa serikali ina nguvu ambayo haitangazwi. VVU na kifua kikuu vina matibabu ya bure yaliyopangwa tangu kipimo hadi dawa, na kuna anayekufuatilia usiporudi. Kwa presha na sukari, hospitali na HC IV nyingi zina siku ya kliniki kila wiki. Tatizo ni dawa. National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, hupeleka dawa vituoni kwa mizunguko ya miezi miwili, kwa hiyo za presha zinaweza kuwa tele wiki baada ya gari kufika, na kwisha kabla la pili halijaja. Mwenye kuanza dawa aulize gari lilifika lini, na asingoje kidonge cha mwisho.

*Kumbukumbu na siri.* Kumbukumbu ni daftari lako. Likipotea, historia yako imekwenda nalo. Siri hutegemea kituo: chumba cha ushauri wa VVU kina mlango, lakini presha hupimwa barazani mbele ya foleni.

*Kinamfaa* mwenye kipato kidogo, anayehitaji VVU, kifua kikuu au chanjo, na anayeishi karibu. Hakimfai sana anayetaka kila kipimo kwa siku moja.

Hospitali ya misheni

Tunazungumzia zile zisizo za faida chini ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu: Nsambya, Lubaga, Mengo na Kibuli mjini Kampala, Lacor kule Gulu, Kuluva karibu na Arua, Kisiizi kule Rukungiri, pamoja na vituo vidogo vingi vijijini.

*Vipimo.* Hospitali zake kubwa zina maabara kamili, ultrasaundi na madaktari bingwa. Kituo kidogo cha parokia ya kanisa kinalingana zaidi na HC III.

*Gharama.* Unalipa, ila bei huwa imepunguzwa kwa ruzuku ya serikali na wafadhili, hasa vijijini. Za Kampala zimesogea karibu na bei za binafsi, hivyo jina la mtakatifu langoni lisikufanye uache kuuliza. Kisiizi ina bima ya jamii tangu 1996, iliyojengwa juu ya vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela. Ukiishi eneo lenye mpango kama huo, uliza kama kikundi chako kimo.

*Muda.* Wa kati. Kliniki za bingwa zina siku zake, na kupanga kwa simu husaidia.

*Baada ya majibu.* Hapa ndipo nyingi zinang'ara kwa presha na sukari: faili lako lipo, kliniki ina siku yake, na duka la dawa la hospitali huwa na dawa mara nyingi zaidi kuliko kituo cha serikali, japo unalipia. Piga hesabu ya dawa za mwaka mzima kabla hujafurahia bei ya kipimo.

*Kumbukumbu na siri.* Nzuri kwa jumla. Jambo moja lijulikane mapema: hospitali za Kikatoliki hazitoi vidonge, sindano wala vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mama anayetaka uchunguzi wa mlango wa kizazi na kubadilishiwa kipandikizi siku moja atalazimika kwenda kwingine kwa la pili.

*Inamfaa* mwenye uwezo wa kulipa kiasi, aliyevuka miaka 40, anayetafuta mahali pa kurudi miaka mingi.

Kliniki na hospitali binafsi

*Vipimo.* Karibu kila kitu, na hapa ndipo penye mtego. Kifurushi cha vipimo ishirini huonekana bora kuliko cha vitano, ilhali mtu asiye na dalili akipimwa vitu vingi, uwezekano wa kimoja kutoka kibaya kwa bahati tu unaongezeka, kisha hufuata vipimo vya kuhakiki, wasiwasi, na dawa za ugonjwa usiokuwepo.

Vitatu vya kukataa kwa adabu. Kwanza ni Widal ya taifodi: katika nchi ambayo wengi wamewahi kukutana na vijidudu hivyo, damu ya mtu asiyeumwa kabisa inaweza kusoma "positivu", naye akarudi nyumbani na antibiotiki. Cha pili ni alama za saratani kama CEA na CA-125, ambazo hufuatilia saratani inayojulikana na hupotosha zikitumiwa kuitafuta kwa mtu asiyeumwa. Cha tatu ni damu ya kinga dhidi ya H. pylori (kijidudu cha vidonda vya tumbo) kwa asiyeumwa tumbo.

Kipo pia kipimo kizuri chenye kasoro yake: HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu bila kufunga. Kisukari ni kuanzia asilimia 6.5. Lakini kwa mwenye selimundu, hata aliyebeba kijeni kimoja tu, au mwenye upungufu wa damu, jibu linaweza kudanganya. Uganda ina watu wengi wa namna hiyo, kwa hiyo mwambie daktari mapema, na upimwe sukari ya kufunga badala yake.

*Gharama.* Vifurushi hufika malaki. Kununua kipimo kimojakimoja mara nyingi ni nafuu: andika vile unavyohitaji, uliza bei ya kila kimoja na ya kumwona daktari, jumlisha, kisha linganisha na kifurushi. Uganda haina bado bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Mwenye kadi ya bima ya kazini aulize kwa maandishi kama uchunguzi wa mwaka umo, kwani kadi inayolipia malaria si lazima ilipie chekapu.

*Muda.* Hakuna anayeishinda. Huchukua muda wa saa mbili au tatu tu, na huhudumia jioni na Jumamosi pia.

*Baada ya majibu.* Hutofautiana mno. Hospitali kubwa huwa na daktari wa kukupokea tena. Kliniki ndogo ya mtaani inaweza kukupa karatasi ya majibu na kwaheri. Sisitiza kwamba bei iwe na mazungumzo na daktari baada ya majibu. Angalia pia ukutani: leseni ya mwaka huu ya kliniki na ya maabara inapaswa kubandikwa. Isipoonekana, ondoka.

*Kumbukumbu na siri.* Siri ni nzuri. Kumbukumbu hubaki kwao kwenye kompyuta, nawe ukihama unaondoka mikono mitupu usipoomba nakala.

*Inamfaa* asiyeweza kupoteza siku ya kazi, mwenye bima, na anayejua anachotaka.

Kambi ya afya

*Vipimo.* Presha, sukari ya kidole, VVU, uzito, macho, meno, mara nyingine homa ya ini na mlango wa kizazi. Makanisa, misikiti, kampuni na klabu za Rotary huziandaa mara kwa mara. *Gharama* ni bure au karibu na bure. *Muda* ni foleni ndefu juani, lakini karibu na nyumbani.

*Baada ya majibu* ndiyo shida yake kubwa. Jumatatu hema limeng'olewa. Sukari ya kidole iliyopimwa saa saba baada ya chai ya maziwa na maandazi haiwezi kusomwa kama ya kufunga: 9 si hukumu ya kisukari, na 6 si cheti cha usalama. Dozi ya kwanza ya homa ya ini ikitolewa kambini, uliza palepale ya pili na ya tatu zitapatikana wapi. Wengi huishia ya kwanza. Ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoachia.

*Kumbukumbu na siri.* Karatasi moja, meza zimebanana. Piga picha ya karatasi kwa simu kabla haijalowa.

*Inamfaa* asiyepimwa kwa miaka, hasa mwanaume asiyekanyaga kituo cha afya. Kwa huyo kambi ni mlango, na mlango si haba.

Mashine ya presha ya duka la dawa iwekwe kundi hilihili: nzuri kwa kufuatilia, mbaya kwa kuanzishiwa dawa. Muuzaji akikupa vidonge baada ya kipimo kimoja, asante, lakini hapana.

Kinachoharibu presha popote upimwapo

Makosa ni yaleyale hemani na hospitalini. Umetembea kwa haraka au umeshuka boda sasa hivi: kaa dakika tano kwanza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, na kojoa kwanza. Egemeza mgongo, nyayo zikanyage sakafu, usipishanishe miguu, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, na nyamaza mashine inapofanya kazi. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli, na mkanda mkubwa mara nyingi haupo, kwa hiyo uulizie. Vipimo viwili kwa kuachana dakika moja au mbili vina maana. Kimoja cha mbiombio hakina.

Mlango wa kizazi: swali la ziada

Njia mbili hutumika zaidi, na si kila mahali zipo zote. Ya kwanza ni kupaka siki hafifu na kutazama kwa macho: dakika chache, jibu hapohapo, na panapokuwa na kifaa cha joto, madoa yanayoashiria hatari hutibiwa siku ileile. Hurudiwa kila miaka mitatu. Haimfai sana mama aliyekoma hedhi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana hujificha ndani. Ya pili ni kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, na jibu safi hutosha miaka mitano au zaidi, lakini sampuli husafirishwa na majibu hukawia. Anayeishi mbali na asiye na simu ya uhakika anaweza kufaidika zaidi na siki. Mwenye simu na haya ya kutazamwa, na HPV. Anayeishi na VVU apimwe mara nyingi zaidi kwa njia yoyote, na mahali anapochukulia dawa zake ndipo pa kuanzia. Uganda Cancer Institute, taasisi ya saratani ya taifa pale Mulago, Kampala, nayo ina kliniki ya uchunguzi kwa asiyepata huduma wilayani.

Kwa hali yako

Kijana wa miaka 25 asiye na tatizo, mwenye pesa kidogo: HC III iliyo karibu, katikati ya wiki, kwa presha, VVU na homa ya ini. Hahitaji kifurushi cha aina yoyote.

Mwenye miaka 45, kitambi, na mzazi aliyepatwa na kiharusi: achague mahali penye kliniki ya presha na sukari ya kila wiki anapoweza kufika kwa nauli ya kawaida, iwe ya serikali au ya misheni. Mafuta ya damu anaweza kuyapima maabara binafsi mara moja na kupeleka karatasi huko. Asipoyapima, daktari bado anaweza kukadiria hatari ya moyo kwa chati ya WHO inayotumia umri, jinsia, sigara, presha na uzito kwa urefu.

Mfanyakazi mwenye bima na likizo chache: hospitali binafsi, orodha fupi mkononi, na nakala ya majibu kwenye barua pepe.

Dereva wa lori wa mipaka ya Malaba, Elegu au Mutukula, ambaye leo yuko Mombasa na kesho Juba: asitegemee faili la mahali pamoja. Daftari moja likae ndani ya kabini, mashine ndogo ya presha ya mkono wa juu ndani ya begi, na tarehe tatu za chanjo ya homa ya ini ziandikwe kufuata safari zake.

Mkimbizi aliyeko Nakivale, Kyaka au Kyangwali: vituo vya makazi hayo huhudumia wakimbizi na wenyeji pamoja, bure. Aulize siku ambayo mhudumu anayesema Kiswahili yupo, kwa kuwa maswali ya VVU na ya mlango wa kizazi hayafai kutafsiriwa na mtoto wa jirani.

Mzee wa kijijini asiyeweza safari: kambi ikija, apelekwe, na mtoto wake aende naye kubeba karatasi ile hadi HC III au HC IV ndani ya wiki moja. Kambi isipokuja, mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayeitwa VHT, anajua siku ambayo timu ya kituo hutoka kwenda vijijini.